Msimu Waliofunga Jiko Langu

3 Oktoba

Joto la kukaanga mtu. Karanja, mwanangu aliye Thika, ameniambia kwenye simu kwamba siku hizi nalalamika mno, na kwamba nikiandika nitapata nafuu. Anayetaka nafuu ni yeye. Hata hivyo nimenunua daftari, na lalamiko la kwanza ni Kalunde.

Kalunde ana hoteli ng'ambo ya barabara, mimi nina yangu upande huu, na mji mzima wa Zombe unajua hatupatani. Humwaga maji ya vyombo yakaja hadi mlangoni pangu. Nikimwambia, hujibu kwamba maji hufuata mteremko, na kama sipendi basi niuhamishe mteremko. Baba yake, Mzee Ndeti, hula kwangu kila siku ya soko kwa sababu binti yake anamnyima mafuta, ati presha. Jambo hilo linamuuma Kalunde kuliko jino, nami hufurahi. Sitaficha, hufurahi sana.

8 Oktoba

Hakuna mvua. Ofisi ya chifu imegawa mbegu ya msaada, pakiti za mahindi yaliyotiwa dawa, mekundu kama midomo ya bibi harusi. Mimi sikupewa. Karani alisema ni ya wenyeji.

Husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi walinipa jembe, nimelilimia hadi likabaki mpini, na bado ni mgeni. Nilikuja hapa Ukambani kutoka Murang'a na mume wangu, marehemu Gichuru, wakati Karanja ananyonya. Leo Karanja ana ndevu.

Kichekesho ni kwamba hao wenyeji hawaitaki hiyo mbegu. Wengi wao wanaamini ile yao waliyoitundika juu ya moshi wa jiko. Lakini foleni walipiga, maana cha bure hakikataliwi.

9 Oktoba

Hakuna mvua.

15 Oktoba

Muthokoi, mahindi ya kukobolewa, umepanda bei kila mahali, na kila anayeleta analeta uliojaa mawe. Wa Syombua ndio pekee ninaouamini. Anayalowesha mahindi kidogo, anayatwanga kwenye kinu mpaka ganda lote linatoka, anapepeta, na punje inabaki nyeupe tupu. Mimi nauchemsha na mbaazi tangu alfajiri, na kufikia saa sita mtu akila ananyamaza.

Syombua ni mjane kama mimi. Gichuru alipokufa, yeye ndiye aliyelala nyumbani kwangu mpaka matanga yakaisha, wakati wengine walikuja wakala wakaondoka. Ndiye aliyenifundisha Kikamba cha kununulia na cha kutukania. Nikiulizwa nina nani Zombe, namtaja yeye, na hapo orodha inaisha.

Leo alisema ghala lake limebaki panya na utando. Nikamwambia asihangaike, nitanunua kwingine. Akasema, "Hapana Mama Karanja, usininyime hiyo. Wiki ijayo nitakuletea, nitatafuta."

23 Oktoba

Nimevunja ncha ya kalamu. Si woga, ni hasira.

Leo ilikuwa siku ya soko. Hoteli ilijaa. Syombua alikuwa ameleta muthokoi jana kama alivyoahidi, mweupe, msafi, nami nikaujaza kwenye sufuria kubwa. Asubuhi Kalunde alipitia mlango wa nyuma kuja kugombana nami kuhusu takataka, akasimama hapohapo karibu na jiko akinirushia mikono. Nilimfukuza na mwiko.

Saa nane haijafika, mwenye duka la misumari alitoka nje akatapika. Nikadhani ni pombe. Kisha wanawake wawili wa mitumba. Kisha meza nzima ya vijana wa bodaboda. Wengine mate yaliwatoka, wengine walishika vichwa wakisema wanaona kizunguzungu. Mzee Ndeti alijaribu kuinuka akaanguka kati ya benchi na ukuta, na miguu yake ikawa inatetemeka peke yake. Nilimshika kichwa. Alikuwa ananiangalia kama anayetaka kuniomba radhi kwa usumbufu.

Kalunde alivuka barabara akikimbia. Alimwinua baba yake pamoja na vijana wazima waliobaki, wakamtia kwenye probox, wakaelekea hospitali ya Kitui.

Bwana Nyamai wa afya ya umma alifika jioni. Ni mtu mpole, sina la kumsema vibaya. Alichukua kilichobaki kwenye sufuria na muthokoi mbichi uliobaki kwenye gunia, akafunga jiko langu kwa kufuli yake. Watu walikuwa wamesimama nje. Mtu mmoja alisema kwa sauti, ili nisikie, "Si tulisema? Hawa watu wa kutoka juu mlimani wakikosa kuiba wanaua."

Nilimjibu kitu ambacho sitakiandika.

24 Oktoba

Nimefikiri mchana kutwa. Waliokula chapati na maharagwe hawakuumwa. Waliokunywa chai peke yake hawakuumwa. Maji ni yaleyale. Kwa hiyo ilikuwa sufuria ya muthokoi. Ama mbaazi, ama mafuta, ama mtu.

Mtu aliyesimama karibu na sufuria ile, mbali na mimi, ni mmoja.

25 Oktoba

Syombua amekuja na uji. Alinishika mikono tukaomba, akalia kuliko mimi. Nikamwambia ninavyomshuku Kalunde. Alifunika uji, kisha akasema, "Mimi sisemi kitu, Mama Karanja. Lakini kwani ni nani mwingine aliingia jikoni?"

Ndiyo, nani mwingine?

26 Oktoba

Kanisani benchi langu lilibaki langu peke yangu. Wanawake ninaokaa nao kila Jumapili walisogea mbele kana kwamba mbele kuna kivuli. Baada ya ibada nilimkuta Kalunde mlangoni, nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyetia sumu, anataka kuniua kibiashara.

Nilitarajia atapiga kelele. Alisema polepole, "Wewe mama. Baba yangu ako na dripu Kitui, hata mkojo hajui unatoka saa ngapi. Ati mimi ndio nilimwekea? Si unajua yeye hula kwako kila soko?" Kisha akanitemea mate miguuni, mbele ya mchungaji, na mchungaji akaangalia pembeni.

Ni kweli angejua baba yake atakula. Lakini sitamwomba msamaha. Ametema mate kwenye kiatu changu cha kanisani.

29 Oktoba

Hakuna mvua. Jiwe juu ya mabati.

30 Oktoba

Jiwe lingine. Muuza maji amesema punda wake amechoka kufika kwangu. Nimemwona punda huyohuyo akifika kwa jirani.

2 Novemba

Mwenye nyumba amekuja, amekaa kwenye kiti changu, amekunywa chai yangu, akaniambia kama jiko halitakuwa limefunguliwa mwisho wa mwezi huu atampa chumba mtu mwingine. Bwana Nyamai naye ameniambia wazi kwamba sampuli ziko maabara Nairobi na zinaweza kuchelewa, na kwamba hata zikirudi na sumu, asipojua imetokea wapi hataweza kunifungulia.

Basi hesabu ni hiyo. Nisipopata chanzo mwezi huu, hoteli imekwenda. Karanja anasema nirudi Murang'a kwa wajomba zake. Nilimkatia simu. Gichuru nilimzika hapa, kwenye shamba dogo tulilonunua pamoja. Ndugu zake walikuja na lori kuuchukua mwili, nikawaambia mume wangu atalala mahali nilipo. Leo niende wapi nimwache amezungukwa na watu wanaonirushia mawe?

5 Novemba

Mvua imekuja mchana, bila kubisha hodi, kubwa. Mji mzima ulitoka nje kucheka. Mimi nilitandaza ndoo zangu zote. Muuza maji na punda wake waende zao.

9 Novemba

Mvua. Kumbikumbi. Zamani tungewakaanga na Syombua. Hajafika wiki hii, nadhani anapanda.

13 Novemba

Mzee Ndeti amerudi nyumbani jana. Mkono mmoja bado unatetemeka lakini anaongea.

Leo, mvua ikinyesha, nani akaingia hapa? Kalunde, na gunia kichwani kama mwavuli. Nilichukua mwiko. Akasema niuweke chini, hakuja kupigana, angekuja kupigana angekuja na dada zake.

Hakuketi. Alisema baba yake amemwambia kwamba muthokoi siku ile ulikuwa na uchungu tangu tonge la kwanza, lakini alimaliza sahani kwa heshima. "Mimi bado sikupendi," akasema. "Wewe ni mjeuri na una dharau. Lakini sitaki aliyemfanya baba yangu hivyo akae akiniangalia kila siku mimi nikifikiri ni wewe. Kwa hivyo tuongee kama watu. Muthokoi ulitoa wapi?"

"Kwa Syombua," nikasema. "Na hapo usiguse."

Kalunde akatua gunia. "Syombua hajaniletea mayai tangu hiyo wiki," akasema. "Anasema kuku wake walikufa wote, ni kideri."

Nikasema kuku hufa kwa kideri, ni nini cha ajabu?

"Kideri hakijui ua wa nani," akasema Kalunde. "Kuku wa Syombua na wa jirani zake wanashinda chini ya mti mmoja. Wa jirani nimenunua mayai yao jana." Akajitwika gunia lake, akaenda.

Nilimwita mchonganishi nikiwa peke yangu, kwa sauti. Kisha nikakaa. Kuku wa Syombua hula pumba za kinu chake. Wa jirani haziwafikii, maana huwamwagia wake ndani ya boma asubuhi kabla hajafungua lango.

14 Novemba

Sikuenda. Nilijiambia ni mvua.

15 Novemba

Nimeenda.

Syombua alikuwa shambani nyuma ya nyumba akifukia miche. Alifurahi kuniona, akaniambia niingie ndani nijiwekee chai. Sikuingia. Nilizunguka hadi kwenye banda la kuku. Lilikuwa tupu. Kwenye chombo cha chakula pumba zilikuwa zimelowa mvua na kushikana donge, na donge lile lilikuwa la rangi ya waridi. Nikaenda kwenye kinu chake, kilicholazwa kando ya ukuta. Ndani, kwenye nyufa za mti, wekundu uleule, umeganda kama rangi ya kucha.

Nilielewa hapohapo, na nilitamani nisielewe. Ile mbegu ya msaada. Ukiichukua ikiwa nzima, mtoto wa chekechea atakuambia hailiwi. Ukiitwanga ganda likatoka, rangi inatoka na ganda, na unabaki na punje nyeupe safi ambayo hata mimi, niliyezeeka jikoni, nitaimwaga kwenye sufuria nikimshukuru Mungu.

Alinikuta nimesimama pale na donge mkononi. Hakujifanya.

"Niliosha," akasema. "Haki niliosha mara nyingi mpaka maji ikatoka safi. Nikatwanga. Rangi si iko kwa ganda? Nilijua ikitoka rangi, dawa imetoka. Wenye hawakutaka pakiti zao walinipea. Nilikuwa nimekuahidi, Mama Karanja. Sikuwa na kingine cha kukuletea."

Hapo ningemsamehe. Nataka ijulikane kwamba hapo, kwa neno hilo, nilikuwa nimeshamsamehe. Nani asiyejua njaa ya Oktoba?

Nikamuuliza alijua lini.

"Kesho yake. Kuku walikuwa wamelala chini."

Kesho yake. Kabla ya uji. Kabla ya maombi. Kabla hajaniuliza ni nani mwingine aliingia jikoni, akanituma kanisani kumpigia kelele mwanamke ambaye baba yake alikuwa kitandani. Mawe yote yale juu ya mabati yangu, yeye akiyajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Alikaa juu ya kinu. Alikuwa analia lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Wewe uko na kwenu," akasema. "Wakikufukuza hapa utaenda. Mimi wakinifukuza nitaenda wapi?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimelowa, na sijavua hata kanga. Ugonjwa ningeusahau. Hata uongo, labda. Lakini huyu alilala nyumbani kwangu wakati wa matanga. Alisaidia kuchagua mahali pa kuchimba kaburi. Anajua udongo ule kwa mikono yake. Na muda wote huo moyoni mwake nilikuwa mtu mwenye kwao, anayengoja gari.

17 Novemba

Nimemwambia Bwana Nyamai kila kitu. Tulikwenda naye. Syombua alitoa mwenyewe pakiti zilizobaki chini ya kitanda. Bwana Nyamai alizitia kwenye mfuko pamoja na zile pumba. Alimwambia kwa upole kwamba dawa ya mbegu inaingia hadi kwenye kiini, haioshwi na haitwangwi ikatoka. Syombua aliitikia kwa kichwa. Hakuniangalia.

Siwezi kuandika kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya haki. Nilifanya kwa sababu ya lile neno lake, kwenu.

21 Novemba

Maabara imejibu, na ni hiyohiyo dawa ya mbegu. Chifu ameita baraza. Syombua alisimamishwa, akaonywa, akaketi. Chifu akasema lilikuwa kosa la njaa, si la roho mbaya, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, yaishe. Watu wakapiga makofi. Mwenye duka la misumari, aliyetapika kwenye ngazi zangu, alipiga makofi.

Nilingoja aliyekuwa anarusha mawe aseme pole. Bado nangoja.

Kufuli imetolewa. Mwenye nyumba ameniita dada.

24 Novemba

Nilipika chapati, maharagwe, ndengu. Nilipika pia muthokoi, wa mahindi niliyotwanga mwenyewe mbele ya mlango, kila mtu akiona. Hakuna aliyeingia.

26 Novemba

Hakuna aliyeingia.

27 Novemba

Mama mmoja wa kwaya ameniambia kisa, tena kwa kunisaidia. Wanasema nimemshtaki mjane kwa serikali. Wanasema mtu wetu akikosea tunamwita nyumbani, tunaongea, tunakula mbuzi, yanaisha. Kumpeleka kwa ofisi ni tabia ya watu wa nje. Mwezi uliopita walinichukia kwa kuwalisha sumu. Mwezi huu wananichukia kwa kusema ilikotoka. Wangeniambia tu wananichukia kwa nini hasa, tukaokoa muda.

Mimi nami nawachukia. Niliwapikia miaka yote hii. Najua nani hapendi kitunguu, nani hana meno ya nyuma, nani huomba mchuzi wa pili akijifanya wa mtoto. Nimewachukia wote leo, mmoja mmoja, kwa majina, nikisugua sufuria.

30 Novemba

Mvua. Nimemwaga chakula.

4 Desemba

Siku ya soko. Kila mahali kumeota kijani, na watu wamejaa barabarani. Nilipika kidogo kwa sababu moyo umeanza kujifunza. Kwa Kalunde kulijaa hadi wateja wakasimama. Alinitazama mara moja kutoka kwake, akanyanyua mabega kama kusema si yeye. Ni kweli, si yeye.

Saa saba Syombua alikuja.

Alipita katikati ya soko na nguo yake ya kanisani. Nilidhani anakwenda kwa Kalunde. Akapanda ngazi zangu, akaketi meza ya mbele kabisa, ile inayoonekana na barabara nzima. Amekonda. Akasema, "Nipe muthokoi."

Nilimpa. Sikumpa salamu. Sahani niliijaza kama ya mteja yeyote, sikuipunguza wala sikuongeza.

Watu walisimama kutazama. Nadhani walitaka kuona atakula au atanirushia. Alikula. Alikula polepole mpaka punje ya mwisho, kisha akageukia barabarani akasema kwa Kikamba, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba sumu ilikuwa yake, na uongo ulikuwa wake, na kwamba Mama Karanja alivumilia mawe yao kwa ajili ya kosa la mtu mwingine. Akasema anayetaka kumchukia mtu aje kwake, nyumba yake inajulikana.

Mzee Ndeti ndiye aliyeingia kwanza, mkono wake ukigongagonga fimbo, akaketi bila kuuliza ruhusa ya binti yake. Kisha wanawake wawili wa mitumba. Kisha mwenye duka la misumari, akiangalia viatu vyake. Chakula hakikutosha. Nilitamani kuwafukuza wote, nikawapakulia.

Syombua alibaki ameketi mpaka benchi likajaa na mtu akahitaji nafasi yake. Alipoinuka alinishika kiwiko. Macho yake yalikuwa yanaomba kitu, na nilijua ni kitu gani, na nilikitafuta ndani yangu kwa kweli nikakikosa.

"Basi mimi naenda nyumbani," akasema.

Nikamwambia, "Nenda. Mimi niko nyumbani."